Kamanda wa Juba Apewe Kazi Inayojulikana

Wasikilizaji, Alhamisi moja ya Machi 2025 Bunge liliidhinisha jeshi letu la Uganda, UPDF, liende Juba, Sudan Kusini. Jeshi lenyewe lilikuwa limeshaingia Juba siku kadhaa kabla, na habari tuliipata kwanza kwenye mtandao wa X, ilipoandikwa na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Muhoozi Kainerugaba. Desemba 2013 ilikuwa hivi hivi: askari walitangulia, wabunge wakapiga kura Januari. Bunge huambiwa mwisho. Sisi wa Kuluba, huku mpakani West Nile, huambiwa baada ya Bunge.

Leo hatubishani kama Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini asaidiwe au aachwe. Tunauliza nani anakabidhiwa kikosi hicho, na kwa masharti gani. Kamanda akishavuka mpaka, mkubwa wake yuko mbali, na bunduki ziko karibu.

Kongo hatujaisahau. Juni 1999 James Kazini, kamanda wa UPDF kule, aliunda mkoa mzima, Kibali-Ituri, akamteua na gavana, Adèle Lotsove. Askari anaunda mikoa! Makabila ya huko, Wahema na Walendu, yalikuwa tayari yanagombana, ugomvi ukazidi. Juni 2000 jeshi letu na la Rwanda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani, mji wa watu. Hesabu ililetwa Februari 2022: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kazini alikwisha kufa. Anayelipa ni mlipakodi, na mama anayeuza mihogo hapa mpakani Oraba yumo. Yeye naye aliambiwa mwisho.

Kuna mfano mwingine. Julai 2016 Kayanja Muhanga alitumwa Juba kwa kazi moja: kuwatoa raia wetu. Akawatoa, akarudi. Kazi ilijulikana, na mwisho wake ulijulikana.

Kazi ya safari hii ni ipi? Inaisha lini? Juba ikiwaka, wakimbizi watapitia hapa Kuluba, kama walivyopita mwaka ule ule wa 2016. Shamba litakalokanyagwa ni la kwetu, kisima kitakachokauka ni cha kwetu.

Wabunge wa West Nile, simameni! Daini jina la kamanda. Daini kazi yake iandikwe. Daini tarehe ya kurudi. Daini aje mbele ya kamati ya Bunge ajieleze. Nanyi wasikilizaji, mbunge wako akija mazishini au sokoni, muulize mbele za watu. Tusikubali tena kuambiwa mwisho.