Gari la Maumivu



Ndugu zangu, dada zangu, na wazazi mnaotusikiliza na mtakaotusoma, nimepewa dakika chache kabla ya magharibi na najua jicho la kila mmoja liko kwenye saa. Basi nitazungumzia magari.

Juzi nilimwonyesha mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kuuza magari ya mitumba kutoka Japani, picha ya gari dogo jeupe la viti viwili. Kwenye boneti yumo msichana wa katuni mwenye macho kama visahani na nywele za rangi ya feruzi. Mjomba akavua miwani, akaivaa tena. "Hili la mtoto wa nani?" Nikamwambia ni la mtu mzima, mwenye kazi yake. Akacheka mpaka akakumbuka kuwa amefunga.

Sasa sikilizeni jina lake. Wajapani huliita itasha. Zamani neno hilo lilikuwa la mtaani kwa gari lililotoka Italia. Lakini "itai" kwa Kijapani ni kuuma, na "sha" ni gari, kwa hivyo wakalichezea neno likawa gari linalouma. Linauma macho ya wapita njia, linauma mfuko wa mwenyewe, na linatia aibu ile ya kuuma. Wenye magari hawakulikataa jina. Walilichukua wakalivaa, na mwaka 2007 wakakutana Ariake, Tokyo, wakayapanga magari yao hadharani watu waje kuyatazama.

Itasha yaweza kuwa gari lolote, lakini mimi nayapenda yale madogo ya spoti. Japani kuna daraja la magari liitwalo kei: urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, injini isipite sisi 660. Probox yenu ya kubebea mizigo imelizidi kwa sentimita 80 hivi! Nguvu nazo, watengenezaji wamekubaliana zisipite farasi 64. Sasa wewe mwambie fundi akutengenezee gari la spoti ndani ya mipaka hiyo. Walitengeneza. Mwaka 1991 ikaja Honda Beat, injini iko nyuma ya viti, na mwaka huohuo Suzuki Cappuccino, paa lake lavuliwa vipande vipande. 1992 ikafuata Autozam AZ-1, milango yafunguka kwenda juu kama mbawa. Wapenzi wake wakaziita A, B, C. Zote tatu hazifiki kilo 800.

Manake ni kuwa ukibandika picha kwenye gari kama hilo, picha ndiyo yaonekana kwanza, gari baadaye. Na kazi yake si ya mchezo. Picha huchapishwa kwenye plastiki nyembamba yenye gundi. Kabla ya hapo lazima mchoraji apime mlango uko wapi, kitasa kiko wapi, la sivyo kitasa kitaingia puani mwa huyo msichana. Kisha pale pa kubandika panalowanishwa kwa maji ya sabuni ili picha isogezwe polepole, maji yanakamuliwa yatoke, na kwenye pembe na mikunjo plastiki inapashwa joto ilale. Gari dogo lahitaji plastiki kidogo, lakini mikunjo ni tele. Baada ya miaka jua linaifubaza, kazi inaanza upya.

Mtasema hata sisi tuna matatu zilizochorwa wanamuziki na wachezaji mpira. Kweli, na nyengine ni kali wallahi. Lakini matatu inachorwa ili ivute abiria. Itasha haibebi abiria wa kulipa. Mtu anatumia mshahara wake kuwaambia majirani: hiki ndicho nikipendacho, chekeni mkitaka.

Hapo ndipo panaponigusa. Mimi nilipokuwa sekondari nilikuwa nachora magari nyuma ya daftari, na mtu akisogea nafunika kwa mkono. Sikuwa nafanya dhambi. Nilikuwa naogopa kuchekwa tu, na hadi leo sikumbuki nani alinicheka. Nimewatazama hawa Wajapani nikaona haya. Sikusudii kuzitetea picha zote. Nyengine hazina stara na hizo sizitaki hata kwa simu yangu.

Na kicheko kina mwisho wake. Mwaka 2008 gari lenye picha ya Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta mwenye nywele hizohizo za feruzi, liliingia mashindano ya Super GT. Baadaye mashabiki wa kawaida wakawa wanachanga pesa zao kulidhamini, kama harambee zetu. Mwaka 2011 timu ikachukua ubingwa wa daraja la GT300, ikarudia 2014 na 2017. Haya hayakuwa magari madogo tena: walianza na BMW, wakaja kwa Mercedes.

Na wazazi, hili ni lenu. Mwaka 2010 Honda ilishindanisha mawazo ya wafanyakazi wake wenyewe. Akashinda kijana aliyetaka gari dogo la spoti, na akiwa na miaka 22 akakabidhiwa kuongoza utengenezaji wake. Likatoka mwaka 2015 kwa jina la S660.

Jana mjomba kaniuliza, sauti ya chini, kama lile gari la mtoto laweza kuingia Kenya. Nikamwambia zile A, B, C asahau, kwa sheria ya miaka minane. S660 lakini zilitengenezwa hadi 2022, za mwishomwisho bado zimo. Akafikiri kidogo. "Likija, hiyo picha naibandua."

Nikamwambia aipashe joto kwanza, taratibu, asije akang'oa rangi.

Wassalaam alaykum.