Aliyetimuliwa Presidency

Presidency ya Kolkata, chuo kilichoanza mwaka 1817 kwa jina la Hindu College, kimelea washindi wawili wa Nobel ya uchumi: Amartya Sen wa mwaka 1998 na Abhijit Banerjee wa mwaka 2019. Banerjee aligawana tuzo na Esther Duflo na Michael Kremer, yule aliyetafiti dawa za minyoo katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya. Mwongozaji filamu Satyajit Ray naye alisomea uchumi hapo, ingawa kamera ndiyo iliyompa jina.

Lakini anayesisimua zaidi hakuhitimu hapo kabisa. Mwaka 1916 Subhas Chandra Bose alifukuzwa baada ya wanafunzi kumpiga Profesa Oaten, Mwingereza waliyemlaumu kwa kuwadhalilisha Wahindi. Alichukua shahada katika chuo kingine mjini humo, akavuka hadi Uingereza, akafaulu mtihani wa utumishi wa serikali ya kikoloni, mtihani uliowashinda wengi. Mwaka 1921 akajiuzulu, akajitosa katika harakati za uhuru.

Rajendra Prasad, aliyeondoka Presidency na vyeti vyake mkononi, akawa rais wa kwanza wa India mwaka 1950.