Moyo wenye amiloidi na dawa za kawaida
Amiloidi ni protini iliyojikunja vibaya, ikajilimbikiza moyoni na kuzifanya kuta zake ziwe nene na ngumu. Moyo huo haujai damu vizuri, hivyo hutegemea kasi ya mapigo. Ndiyo maana atenololi au verapamili, dawa zinazopunguza kasi hiyo, zinaweza kumwangusha mgonjwa. Digoksini, dawa ya moyo, hushikamana na protini hiyo na inaweza kuleta sumu. Lisinoprili, dawa ya presha, huweza kushusha presha kupita kiasi. Furosemaidi huondoa maji, lakini kwa dozi ya uangalifu. Hatari kubwa zaidi ni kwamba kuta nene hudhaniwa kuwa matokeo ya presha tu. Mgonjwa wa Mtwara anayezimia baada ya kumeza dawa hizi asiache kuzitumia kimyakimya. Awahi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, aeleze hali hiyo.