SEWA HAJI NA MJI WA BAGAMOYO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Twapenda kukukumbusheni khabari za mfanya biashara mmoja, marehemu Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897. Alikuwa Muhindi wa madhehebu ya Ismailia, na biashara yake ilishamiri Bagamoyo, bandari ndogo inayoelekeana na kisiwa hiki cha Unguja. Misafara ya bara ilianzia na kuishia hapo: pembe za ndovu zikishuka, nguo na shanga zikipanda. Yeye akiwatayarishia wasafiri bidhaa na wapagazi, akatajirika. Wala tusifiche kwamba utajiri huo ulibebwa juu ya mabega ya wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote.

Lakini alipopata, aliukumbuka mji. Mwaka 1892 aliipa Serikali ya Wadachi nyumba ya ghorofa iwe skuli, kwa sharti kwamba watoto wapokewe bila ya kubaguliwa rangi zao. Alisaidia pia matibabu ya wagonjwa wa Bagamoyo. Na huko Dar es Salaam mali yake ilijenga hospitali iliyoitwa kwa jina lake, walikotibiwa Waafrika na Wahindi kwa miaka mingi. Hata leo jina la Sewahaji lingali katika hospitali ya Muhimbili. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea.

Ndugu zetu, litieni moyoni lile sharti. Nyumba huweza kutolewa na kila mwenye nazo, lakini mtoaji huyu aliuliza kwanza mlango utafunguliwa nani.

Hata hivyo liko jambo ambalo mali yake haikuliweza. Mwaka 1891 Wadachi waliyahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa bandari ya huko ina kina, na ya Bagamoyo maji yake ni haba, meli kubwa hutia nanga mbali. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mizigo ikaifuata reli, na Bagamoyo ikapoa. Wenye mji hawakuwa na baraza waliyoichagua wenyewe ya kuwasemea. Skuli ilibaki imesimama, na riziki imehama.

Basi sisi wa Mkokotoni, Wete na Mkoani tujifunze mambo mawili. Wafadhili tuwashukuru, lakini mji usitegemee huruma ya tajiri mmoja, kwani tajiri hufa. Na bandari ndiyo duka la mji. Sisi wenye maduka twajua kwamba mali bila daftari hupotea bila khabari.

Kwa hivyo kila tawi na limuulize kila anayetaka udiwani, awe wa chama chetu au wa chama chengine: Ushuru wa gati unakusanywa kiasi gani? Unakwenda wapi? Na daftari lake litasomwa lini mbele ya watu? Asiyekuwa na jawabu, nasi tusiwe na kura ya kumpa.