Injini ya Kikundi: Tuitambue Kabla ya Kuitia Mafuta

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya ufuo wa ziwa, Kisumu)



Leo tumekuja na jerikeni, chupa tupu ya maji ya nusu lita na plagi kuukuu. Kwa vitu hivi vitatu tutazungumza juu ya injini ndogo ya boti mliyoinunua kwa kuchanga shilingi kwa shilingi. Injini hiyo ikifa, mkopo haufi pamoja nayo. Na ikizimika usiku mbali na ufuo, ni watoto wetu walio ndani ya boti ya omena, upepo ukiwasukuma.

Shida inaanzia wapi?

Wengi wenu mnakumbuka baiskeli za boda boda, kazi iliyoanzia mpakani Busia miaka ya 1960. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zilizo chini ya sisi 250, na pikipiki zikajaa Kisumu na vijijini. Nyingi ya hizo ni za mipigo minne, yaani fo-stroki: petroli hukaa kwenye tangi, oili hukaa peke yake chini ya injini.

Sasa kijana aliyezoea pikipiki anakabidhiwa injini ya boti ya mipigo miwili, tu-stroki. Anaijaza petroli tupu. Inawaka, inanguruma, kila mtu anafurahi. Lakini haiendi mbali. Pistoni inashika moto, inakwaruza silinda, inakwama. Fundi wa jua kali ataifungua na kuwaambia, "Hii imenoki."

Kwa nini? Katika tu-stroki, petroli hupitia kwanza chini ya pistoni, penye beringi, ndipo ipande juu kuchomwa. Hakuna oili nyingine inayongoja huko. Ile iliyochanganywa na petroli ndiyo inayolainisha kila kitu. Petroli ikija bila oili, vyuma vinasagana vikavu.

Tutaitambuaje?

1. Tafuta kijiti cha kupimia oili na kifuniko cha kujazia oili kwenye kichwa cha injini. Vikiwepo, hiyo ni fo-stroki. Usichanganye oili na petroli yake.

2. Visipokuwepo, angalia kifuniko cha tangi na kibandiko cha injini. Ukiona kipimo kama 50:1, hiyo ni tu-stroki ya kuchanganyiwa.

3. Angalia moshi na sikiliza sauti. Tu-stroki hutoa moshi wa buluu kidogo na mlio mkali wa haraka. Lakini usiamue kwa moshi peke yake, maana fo-stroki iliyochakaa nayo hutoa moshi.

4. Chini karibu na propela kuna oili ya gia. Hiyo ipo kwenye aina zote mbili, kwa hiyo isikudanganye.

Ziko pia tu-stroki zenye tangi dogo la oili na pampu yake. Hizo hujichanganyia zenyewe. Ukiwa na shaka, soma kitabu chake au muulize fundi kabla ya kumimina.

Kipimo

Kipimo cha 50:1 maana yake ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili. Kwa hesabu ya jerikeni:

Lita 5 za petroli: mililita 100 za oili.
Lita 10: mililita 200.
Lita 20: mililita 400.
Lita 25: mililita 500, yaani chupa hii ya nusu lita ikijaa.

Injini ikitaka 25:1, oili ni mara mbili ya hapo. Injini mpya nayo mara nyingi hutaka oili zaidi saa zake za kwanza, kama kitabu chake kitakavyosema. Tia petroli kidogo, kisha oili yote, tikisa, ndipo umalizie petroli. Msipime kwa macho. Wengine husema oili nyingi ndiyo usalama. Kumbe inachafua plagi na kuacha masizi ndani.

Nunueni oili ya injini za boti zinazopozwa kwa maji, yenye alama TC-W3. Oili ya pikipiki ya fo-stroki haifai hapa.

Matunzo ya kila safari

Kabla ya kuondoka, washa na uangalie mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Ndiyo maji ya kuipoza. Mchirizi ukikatika, zima mara moja. Huku kwetu Ghuba ya Winam, gugu-maji huziba tundu la kuingizia maji na kujizungusha kwenye propela. Injini ikiwa imezimwa kabisa, inua, toa majani, kisha uwashe tena.

Fungua plagi mara kwa mara. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini iko salama. Nyeusi na yenye majimaji, pengine oili imezidi au hewa haitoshi. Nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi. Msisafiri nayo mpaka fundi aione.

Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Sili ibadilishwe kabla gia hazijaliwa. Na oili chafu isimwagwe ziwani, maana maji hayo ndiyo tunayochota.

Hata injini nzuri huzimika siku moja. Makasia na majaketi ya kuokolea yawe botini kila safari.

Nani ashike chupa?

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kila mtu akichanganya mafuta, hakuna atakayejua nani alisahau. Chagueni watu wawili tu, mmoja wa kuchanganya na mmoja wa kushuhudia. Jerikeni ya mafuta yaliyochanganywa ipakwe rangi, isifanane na ya petroli tupu. Andikeni tarehe, lita, oili na jina. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo halikusudiwi kumshtaki mtu. Ni la kumsaidia fundi ajue aanzie wapi, na kuzuia ugomvi usivunje kikundi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Injini yetu ni ya mipigo mingapi? Nani ameona kwa macho yake?
2. Kipimo chake ni kipi, na chupa ya kupimia inakaa wapi?
3. Mchanganyaji akisafiri, nani atashika nafasi yake?
4. Kila safari tunaweka akiba shilingi ngapi ya plagi na sili?

Mkishayajibu, ng'oeni plagi mwitazame pamoja.