Kadi ya bima haiazimwi

Ndugu wanachama, kwa mliokosa kikao cha tawi, haya ndiyo niliyosema.

Kadi ya bima ya afya haiazimwi. Najua ni huruma: mtoto wa jirani ana homa, kadi ya mwanao iko kabatini. Lakini NHIF, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ni kapu la michango yetu. Mimi ni mtu wa hesabu: hela ikitoka kwa jina la uongo, anayekosa ni mgonjwa wa kesho.

Mhudumu naye akiandika dawa usiyopewa, usisaini. Kughushi nyaraka ni jinai, kifungo hadi miaka 7. Tawi halitakwenda polisi kumwombea mtu.

Jirani akikwama, semeni mapema, tumchangie.

Katibu wa Tawi, Bagamoyo