KAZI YA MAJARIDA KATIKA MAKTABA

(Maneno aliyoyasema karani mmoja wa maktaba ya chuo mbele ya mkutano wa tawi.)



Nimesimama kwa sababu ya azimio lililo mbele yenu, lile lisemalo kwamba fedha za majarida ya maktaba zikatwe zote ili malimbikizo ya posho yetu yalipwe. Mimi pia ninaidai posho hiyo, miezi saba sasa. Lakini naona wengi watapiga kura bila kujua majarida ni kitu gani, na kosa hilo ni letu sisi wa maktaba, maana hatujapata kuwaeleza.

Ndugu yangu mmoja wa karakana aliniambia tukinywa chai, "Ninyi kazi yenu ni kungoja posta. Gazeti likija mnalipiga muhuri, mmemaliza." Tulicheka sote. Leo nataka kumjibu.

Kitabu ni kama jembe. Ukilipa mara moja ni lako. Jarida ni kama chumba cha kupanga, tena kodi yake hulipwa ya mwaka mzima mbele. Tunalipia vitu ambavyo havijapigwa chapa bado. Jarida limeahidi kutoka mara 12 kwa mwaka, basi karani ana kadi yake, ambayo siku hizi imo ndani ya kompyuta, na kila toleo likifika analitia alama. Toleo la tatu likifika na la pili halijaonekana, lazima aulize limepotelea wapi: posta, kwa wakala, au halikutolewa kabisa. Tena aulize upesi, kwa kuwa wenye majarida wameweka muda wa kudai, na muda ukipita watakuambia ununue tena. Mara jarida limebadili jina. Mara mawili yameungana kuwa moja, au limeuzwa kwa kampuni nyingine katikati ya mwaka na barua zako zinakwenda kwa mtu asiyehusika. Hayo hamyaoni. Mnachoona ni mtu ameketi akitazama kadi.

Fedha zenyewe hupita kwa wakala, ambaye huzigawa kwa kampuni nyingi. Hilo lina hatari yake. Wakala mmoja wa Marekani, RoweCom, alianguka mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003. Maktaba nyingi zilikuwa zimekwisha kulipa, na fedha hazikuwafikia wenye majarida. Mwaka 2014 Swets wa Uholanzi, mmoja wa mawakala wakubwa, naye akafilisika. Kwa hiyo mkimwona karani wetu anafuatilia risiti kama mtu anayedai mahari, msimcheke.

Sasa bei. Ukiona sukari ya duka hili ni ghali, unakwenda duka la pili. Jarida halina duka la pili. Mwalimu wa uuguzi akitaka habari iliyotoka katika jarida fulani, huwezi kumpa jarida jingine la bei nafuu ukamwambia yote ni karatasi. Mwenye jarida anajua hivyo, naye hupanga bei anavyopenda. Tena bei ni ya dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Mwisho wa 2023 ilikuwa imepita 155. Jarida la dola 1,000 lilipanda zaidi ya shilingi 40,000 bila mwenyewe kuongeza hata senti moja. Mwaka uliofuata shilingi ilipata nafuu, lakini ankara ilikuwa imekwisha kulipwa.

Na ni nani anayeyaandika? Ni walimu wa vyuo, wanaolipwa mshahara na vyuo. Anayesoma na kusahihisha kabla ya kupigwa chapa ni mwalimu mwingine, na mara nyingi hapati malipo kwa kazi hiyo. Kisha kampuni huyauza kwa vyuo vile vile. Sisi watu wa chama tunalijua jambo la namna hiyo kwa jina lake. Hata matajiri wamelalamika: mwaka 2012 chuo kikuu cha Harvard kilisema majarida yanakigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na mengine hufika dola 40,000 jarida moja. Chuo kikuu cha California kilikataa kuendelea na mkataba wa Elsevier mwaka 2019, wakapatana tena 2021. Wao waliweza kugoma miaka miwili kwa kuwa wana nguvu. Maktaba za Kenya zilifanya njia nyingine, zikaungana katika KLISC tangu 2003 ili zipatane bei kwa pamoja na kuchanga pamoja. Hicho ni chama, ndugu zangu, na tukiacha kulipa mchango tunakuwa wale wanachama tunaowasema kila mkutano.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Zamani ukiacha kununua jarida, matoleo ya nyuma yalibaki kabatini. Haya ya intaneti, usipolipa, mara nyingi mlango hufungwa hata kwa miaka uliyokwisha kulipia, isipokuwa mkataba umesema vingine. Tena huuzwa kwa fungu. Ukiondoa nusu ya fungu usitazamie kulipa nusu ya bei.

Sisemi kwamba hakuna cha kukatwa. Mwaka jana tuliweka kipande kidogo cha karatasi ndani ya kila jarida jipya la karatasi. Mwisho wa mwaka, vipande vingi vilikuwa palepale tulipoviweka. Jarida moja lilikuwa likinunuliwa kwa ajili ya mwalimu aliyekwisha staafu, na hakuna aliyethubutu kulifuta. Hayo yafutwe, nami nitaunga mkono.

Lakini azimio linasema fedha zote. Fedha zote zikienda, sehemu yetu itafungwa, na makarani wake wawili wataambiwa hawana kazi. Wote wawili ni wanachama wa tawi hili, wamelipa michango mpaka mwezi huu. Posho yetu ni deni la mwajiri, naye alipe deni lake. Sioni kwa nini chama kimwonyeshe ni mkate wa nani wa kuchukua.

Naomba neno "zote" liondolewe, na badala yake iandikwe "za majarida yaliyo katika orodha." Orodha nimempa Ndugu Katibu. Kura ni Jumamosi. Mpaka siku hiyo maktaba iko wazi hadi saa kumi na moja jioni, na anayetaka kuona kadi zile aje nitamwonyesha.